Kwa Nini Buku Inaenda Kwenye Mkeka

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano mkuu wa mwaka wa chama cha akiba na mikopo mjini Morogoro, yakaandikwa baadaye na msemaji mwenyewe.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wajumbe wa bodi, wanachama wenzangu. Wakubwa zangu shikamooni. Vijana, za asubuhi.

Barua ya mwaliko imenitaka nizungumzie madhara ya michezo ya kubahatisha kwa vijana. Madhara mnayajua kuliko mimi; kamati ya mikopo ina majalada yake kabatini. Masheikh wameshatusomea Al-Maida aya ya 90 inayokataza kamari, wachungaji nao wamesema yao, na vijana wameitikia amina huku simu iko mfukoni na mkeka wa Jumamosi, ile orodha ya mechi alizobashiri, umeshalipiwa. Kwa hiyo, Mwenyekiti, naomba ruhusa nigeuze mada kidogo. Nataka tuulizane kwa nini mtu mwenye akili timamu, ambaye hesabu anazijua (tena wengine humu nimewafundisha mwenyewe), anatoa pesa yake kununua tiketi ambayo moyoni anajua haishindi.

Nauliza kwa faida ya chama hiki. Ile tiketi ni mshindani wetu, na kwa ninavyoona inatushinda.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo iliyonilisha miaka yote ile.

Chukueni jackpoti ya mechi 17, ile iliyovuma sana Kenya. Kila mechi ina matokeo matatu: mwenyeji ashinde, sare, au mgeni ashinde. Tatu mara tatu mara tatu, uende hivyo mara 17, unapata mikeka tofauti 129,140,163. Ulio sahihi ni mmoja. Ukiamua kuijaza yote, mkeka mmoja kila sekunde, usile wala usilale, utamaliza baada ya miaka minne na mwezi mmoja.

Naona pale nyuma mtu anatikisa kichwa. Atasema, Mwalimu, mpira hauchezwi kwa kubahatisha, mimi naijua ligi. Sawa, nakupa sifa zako zote. Tuseme katika kila mechi una nafasi nusu kwa nusu ya kupatia, jambo ambalo hata wachambuzi wa redioni hawaliwezi kila wiki. Bado wewe ni mmoja kati ya 131,072. Na wiki ijayo unaanza upya, ule ujuzi wa wiki hii haukusogezi hata hatua.

Lakini watu wanashinda kweli. Mei 2017 mtu mmoja huko Kenya alipatia mechi zote 17 za SportPesa, kampuni ya kubeti, akaondoka na shilingi za kwao 221,301,602. Mwaka huohuo hapa kwetu bahati nasibu za Biko na Tatu Mzuka ziliingia kwenye simu zetu, na kila jioni ukiwasha redio ulimsikia mama mmoja analia kwa furaha, mtangazaji anamuuliza atazifanyia nini fedha. Mwaka huohuo tena Everton ya Uingereza walikuja Dar es Salaam wakiwa na jina la SportPesa kifuani, wakacheza na Gor Mahia ya Kenya, na Rooney akafunga lile bao la mbali. Nani angefikiri nyuma ya raha yote ile kuna kitabu cha mahesabu? Aliyeshinda anapewa kipaza sauti. Hawa wengine hakuna anayewafuata nyumbani kuwauliza walijisikiaje.

Sasa kuna upande wa pili wa hesabu hii ambao huwa hausemwi, nami nataka tukae hapo kidogo. Kwa kila mkeka mmoja unaopatia mechi zote 17, ipo mikeka 34 iliyokosa mechi moja tu. Hesabuni: mechi iliyokosewa inaweza kuwa yoyote kati ya 17, na kila moja ina njia mbili za kukosewa. Waliokosa mbili ni 544. Jumla watu 578 walionusa. Na hawa hawakai kimya! Ndio wanaokaa kijiweni Jumatatu asubuhi: "Timu moja tu imenichania mkeka." Atakuonyesha kwenye simu, dakika ya 89 walikuwa wanaongoza. Kwa hiyo kila mmoja wetu hapa, hata asiyecheza, anamjua mtu aliyebakiza mechi moja. Wachache wanamjua aliyeshinda.

Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Luke Clark wa Cambridge waliwapima watu ubongo wakicheza mchezo wa mashine. Kukaribia kushinda kisha kukosa kuliamsha sehemu zilezile za ubongo zinazoamshwa na kushinda, na kukaongeza hamu ya kuendelea kucheza. Wala sishangai. Darasani kwangu mtoto aliyepata 16 kati ya 17 nilimwandikia A, na mtihani uliofuata nilimtegemea apate zote. Tumelelewa hivyo: aliyekaribia jana atafika kesho. Shuleni ni kweli, shambani ni kweli, hata kwenye ufundi cherehani ni kweli. Kwenye droo haina maana yoyote. Aliyekosa moja na aliyekosa 12 wako umbali uleule kutoka mshindi wa wiki ijayo. Lakini utamwambiaje mtu hilo, wakati akili yake imefunzwa na maisha yote kuamini kinyume chake?

Basi mtasema dawa ni kuwafundisha watu hesabu. Nami kwa taaluma yangu ningependa iwe hivyo. Haiko hivyo. Wamarekani wana bahati nasibu iitwayo Powerball. Hadi mwaka 2015 nafasi ya kupata zawadi kuu ilikuwa moja kati ya 175,223,510. Oktoba mwaka huo wenye mchezo wakabadilisha idadi ya namba, nafasi ikawa moja kati ya 292,201,338. Yaani walitangaza hadharani kwamba kushinda sasa kutakuwa kugumu zaidi. Watu wakakimbia? Kwa kuwa washindi walipatikana kwa shida, zawadi ikawa inajilimbikiza droo baada ya droo, na Januari 2016 ikafika dola bilioni 1.586. Foleni za maduka zikazunguka mtaa. Zawadi ikagawanywa kwa tiketi tatu, za California, Florida na Tennessee. Wale wauzaji walielewa jambo ambalo sisi walimu wa hesabu hatulipendi: mnunuzi haangalii ana nafasi ngapi, anaangalia kitakachoanguka ni kikubwa kiasi gani.

Wataalamu wamelieleza hili kwa namna nyingi. Kahneman na Tversky, mwaka 1979, walionyesha kwamba binadamu akipewa nafasi ndogo sana huipa uzito kuliko inavyostahili. Friedman na Savage, mwaka 1948, walishangaa mtu mmoja anawezaje kukata bima na kununua tiketi, akimbie hatari kwa mguu huu na kuifuata kwa ule. Wangekuja kwetu wasingeshangaa. Humu ndani wamo watu waliolipa mfuko wa kufa na kuzikana Ijumaa na kuweka mkeka Jumamosi. Halafu kuna jibu la mtaani, kwamba mtu ananunua ndoto, zile siku mbili tatu kabla ya droo anajenga nyumba kichwani. Na Wahispania wana la kwao: droo yao kubwa ya Desemba watu wanainunua kwa vikundi, ofisi nzima, mtaa mzima, kwa sababu hakuna anayetaka kuwa peke yake aliyekosa. Kule Sodeto, kijiji cha wakulima huko Aragon, chama cha akina mama kiliuza vipande vya namba moja nyumba kwa nyumba, na mwaka 2011 namba hiyo ikachukua zawadi kuu. Kijiji karibu chote kikashinda, isipokuwa mkazi mmoja ambaye hakupitiwa. Fikirieni mwaka uliofuata nani alithubutu kukataa kipande.

Majibu haya yote yana ukweli ndani yake. Lakini yananikera kidogo, kwa sababu yote yanaanzia kichwani mwa mnunuzi, kana kwamba kuna kitu kimeharibika humo kinachohitaji fundi. Mimi nataka tuanzie mfukoni.

Mchukueni kijana wa bodaboda pale Msamvu. Pikipiki anayoendesha ni ya mtu. Kila jioni anapeleka hesabu, yaani fedha ya siku, kwa tajiri mwenye pikipiki. Akikosa siku mbili, ufunguo unarudi. Anataka yake. Tuseme ni milioni tatu. Baada ya mafuta, hesabu, chakula na nyumbani, cha kuweka pembeni kinabaki buku, shilingi elfu moja. Milioni tatu kwa buku moja kwa siku ni siku 3,000. Miaka minane na miezi miwili na ushee. Haba na haba hujaza kibaba, tumeimba sote, lakini aliyetunga methali hakutuambia kibaba kikiwa na tundu inakuwaje. Ndani ya miaka minane kuna msiba, kuna mtoto anayelazwa, kuna sare za shule, kuna mjomba anayepiga simu kutoka kijijini kwa sababu amesikia kijana ana akiba. Mnajua jinsi ilivyo vigumu kumwambia mama yako mzazi huna, wakati laki mbili ziko kwenye simu na wewe unajua ziko. Akiba ndogo ya maskini ina wenyewe wengi.

Na ukumbuke, laki mbili hazifanyi chochote. Hakuna pikipiki ya laki mbili. Kitu anachokihitaji hakigawanyiki. Nusu ya pikipiki haibebi abiria. Ama unayo milioni tatu kwa mkupuo, ama huna kitu.

Sasa jiulizeni: katika mji huu, nani anamuuzia mtu mwenye buku mkononi uwezekano wa kupata milioni tatu kwa mkupuo? Benki haimfahamu. Ndugu hawana. Tajiri wa mkataba yupo, na vijana wengi wanakubali mkataba, mwaka na zaidi wa kupeleka fedha kila siku mpaka pikipiki iwe yao, wakiwa wamelipa kupita bei ya dukani. Na sisi tupo. Haya, tujitazame. Ili apate milioni tatu hapa lazima awe na akiba ya milioni moja, maana tunakopesha mara tatu ya akiba. Kwa buku yake hiyo ni siku 1,000, karibu miaka mitatu. Kisha fomu. Kisha wadhamini wawili, wote wanachama, wasiwe na deni. Kisha barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Kisha asubiri kamati ikutane, na kamati, tusemezane ukweli, mwezi uliopita haikufikisha akidi.

Tiketi inamjibu saa tano usiku, akiwa kitandani, kwa kubonyeza nyota na namba chache. Haimuulizi mdhamini. Na mjomba hajui kama ipo.

Hili sijalitunga. Sylvan Herskowitz, mchumi, aliwachunguza wabetaji zaidi ya 1,000 mjini Kampala, matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Aliona kwamba watu wakishinda, fedha ile inaelekea kwenye vitu vikubwa vya mkupuo. Aliona pia kwamba ukianza kwa kumkumbusha mtu kile kitu kikubwa anachokitaka maishani, hamu yake ya tiketi inapanda. Halafu ikaja sehemu iliyonifanya niisome karatasi ile mara ya pili: waliopewa kisanduku cha kuwekea akiba nyumbani, kisanduku tu, hamu yao ya tiketi ikapungua. Kumbe kwa sehemu kubwa ya vijana wale, kubeti kulikuwa njia mbaya ya kufanya kile ambacho chama kama hiki kilianzishwa kukifanya.

Ni njia mbaya, hilo nisieleweke vibaya. Mchezo unaorudisha nusu ya fedha kwa washindi, kama Powerball, maana yake kijana wetu akitia buku kila siku kwa zile siku 3,000, kwa wastani milioni moja na nusu imekwenda na haitarudi. Ile nusu nyingine inarudi vipande vipande, elfu tano leo, elfu kumi mwezi ujao, inaishia kwenye chipsi na kwenye mkeka mwingine. Na wapo ambao hawamo kabisa katika maelezo yangu ya leo, wale wanaokopa kwenye simu ili kubeti na kubeti ili kulipa mkopo. Hao wanahitaji msaada wa aina nyingine, na nitaomba kamati ya mikopo isiwachanganye na huyu wa pikipiki.

Akina mama mlioko upande huu mnatabasamu, nadhani mmeshaona ninakoelekea. Nyinyi mna mchezo. Watu kumi, elfu kumi kila wiki, laki moja inazunguka. Siku ya kwanza mnaokota karatasi: nani wa kwanza, nani wa pili. Hiyo ni droo! Wa kwanza anapata wiki hii kitu ambacho peke yake angekisubiri wiki kumi. Wa mwisho amesubiri wiki kumi zilezile ambazo angezisubiri hata bila mchezo. Hakuna aliyepoteza shilingi. Wachumi Besley, Coate na Loury waliliandikia hesabu ndefu mwaka 1993, wakafika palepale mlipoanzia.

Na serikali za wenzetu zimejaribu kwa ukubwa. Mwaka 1956 waziri wa fedha wa Uingereza, Harold Macmillan, alitangaza hati za akiba ziitwazo Premium Bonds. Unaweka fedha serikalini, hupewi riba. Riba za watu wote zinakusanywa na kugawiwa kwa droo. Mtaji wako upo palepale, unauchukua ukitaka. Wapinzani bungeni waliibeza. Droo ya kwanza ilifanyika Juni 1957, na leo zaidi ya watu milioni 20 wanazo. Karibu nasi zaidi, First National Bank ya Afrika Kusini ilifungua mwaka 2005 akaunti yenye riba ndogo mno na zawadi ya randi milioni moja kila mwezi. Watu waliingia kwa wingi. Nani aliwazuia? Bodi ya bahati nasibu ya taifa iliwapeleka mahakamani, na mwaka 2008 Mahakama Kuu ya Rufaa ikaamua kuwa ile ni bahati nasibu isiyo halali. Bahati nasibu inayokula fedha za watu ikaendelea na leseni yake, ile inayowarudishia ikafungwa. Sheria ilikuwa sheria, sina ugomvi na majaji, lakini nimelifikiria sana jambo hilo.

Ndiyo maana, Mwenyekiti, badala ya kuwaombea vijana laana mpya nimeleta hoja mbili chini ya ajenda ya sita.

Ya kwanza ni mkopo wa chombo. Kijana alete akiba ya miezi sita isiyokatika, hata iwe ya buku kwa siku, chama kinunue pikipiki, kadi ibaki kwenye kabati la chama kwa jina la chama mpaka deni liishe. Chombo chenyewe ndicho mdhamini. Tajiri wa mkataba anafanya hivyohivyo na hafilisiki. Sisi tunaweza kufanya kwa bei ya chini na kijana akabaki na kitu.

Ya pili ni droo ya gawio. Chukueni mfano wa wanachama 300 wenye akiba ya wastani wa laki nne. Hiyo ni milioni 120. Gawio likiwa asilimia tatu tunagawana milioni tatu na laki sita, kila mtu elfu 12, inayeyuka kwenye bando kabla hujafika nyumbani. Wanaotaka waziweke pamoja elfu 12 zao. Kama ni wote 300, inatoka zawadi moja ya milioni tatu na sita za laki moja moja. Nafasi ya pikipiki kwa wastani ni moja kati ya 300, akiba ya kila mtu haijaguswa, na kila elfu kumi iliyokaa miezi mitatu bila kutolewa inaweza kuhesabiwa kama namba moja, ili mwenye kuvumilia awe na namba nyingi. Asiyetaka, kwa dini yake au kwa hiari yake, achukue gawio lake kama kawaida wala asiulizwe sababu.

Najua kuna atakayesema tunaleta kamari ndani ya ushirika. Ni swali la haki na nataka lijadiliwe hapa, si kwenye kijiwe cha kahawa. Kwa upande wa sheria, tunayo Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na bodi yake, na tunayo Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Yaliyowapata wale wa Afrika Kusini yasitupate sisi kwa uzembe. Kwa hiyo naomba azimio la leo liishie kwenye barua tu: Katibu aziandikie ofisi zote mbili, aeleze mpango ulivyo, aulize kama unaruhusiwa na kwa masharti gani, na pasichapishwe tangazo wala kukusanywa shilingi mpaka majibu yafike. Mkopo wa chombo hauhitaji barua ya mtu; huo tunaweza kuupigia kura kabla ya chakula cha mchana.

Mwenyekiti, kipaza sauti hiki hapa. Nipo kwa maswali, na yule kijana aliyekuwa anatikisa kichwa pale nyuma apewe nafasi ya kwanza.